Rivasi Si Breki

Ziwa Nakivale la Uganda, lililo ubavuni mwa makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958, lina kina kifupi, tope zito na ukuta wa mafunjo. Kuna Wakongomani waliofika hapa kutoka Fizi na Uvira, watu waliolelewa na Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika karibu mita 1,470. Mazoea ya maji marefu hayafai yote kwenye maji mafupi. Kisa hiki nimekitunga, lakini injini inayosimuliwa humu inafanya kama zinavyofanya injini halisi za aina yake.

Bwana mmoja wa Fizi alinunua Mbarara injini kuukuu ya hospawa 15, akaifunga kwenye tezi ya boti ya mbao. Akawa anavusha watu na magunia ya mahindi. Injini hiyo ilikuwa na kibanio cha chuma cha kuishika isiinuke. Kila pangaboi lilipogonga mizizi, boti nzima ilitikisika, kwa kuwa injini ilishikwa na haikuweza kupanda. Bwana yule akachoka. Akakifungua kibanio, kisha akakikaza kwa waya kisijifunge tena.

Fundi wa Mbarara aliuona ule waya siku ya kubadilisha plagi.

"Mzee, ukirudi nyuma hivi, injini itaruka juu."

"Fundi, mimi nimezaliwa ziwani."

Alikuwa kweli mtoto wa ziwa, na hapo ndipo ushauri ulipokosa pa kuingilia. Boti ikienda mbele, msukumo huikandamiza injini kwenye ubao wa tezi, basi kibanio hakina kazi. Ikirudi nyuma, msukumo huivuta injini kutoka kwenye ubao, na isiposhikwa hupanda, pangaboi likatoka majini.

Jioni moja upepo ulikuwa ukimsukuma kutoka nyuma, boti imejaa, mama na mtoto wamekaa omo. Alikuja mwaloni kwa kasi yake ya kila siku, akitegemea kurudisha nyuma mwishoni. Mvuvi mmoja alikuwa amesimama kwenye maji ya magoti kando ya mtumbwi wake, akikunja nyavu. Bwana akatia rivasi, akafungua mafuta. Injini ikapanda, pangaboi likalia hewani, boti ikaendelea mbele kama ilivyokuja. Mguu wa mvuvi ukabanwa kati ya vyombo viwili. Alisafirishwa hadi Mbarara na mfupa uliovunjika mahali pawili, na nyavu zake zikakaa msimu mzima bila mtu wa kuzitega.

Mwenye boti alirudi kwa fundi akidhani gia ina kasoro. Fundi akakata ule waya kwa koleo, akamwekea kiganjani.

Pale pale akamfundisha. Boti ifungwe kwa kamba kwenye nguzo, omo ikielekea nguzo, rivasi itiwe taratibu, mtu aangalie kama injini inanyanyuka. Mkono wa injini ugeuzwe kwanza, gia ifuate, kwa sababu boti ya aina hii haina usukani mwingine: pangaboi lisiposukuma, haigeuki. Mapangaboi mengi yakirudi nyuma huivuta tezi kushoto, basi ni rahisi zaidi kuegesha ubavu wa kushoto kuliko kupigana nayo. Magunia yasirundikwe tezini. Boti iliyolemewa nyuma ikirudishwa kwa nguvu huchota maji juu ya ubao, na maji yakishaingia hayangoji mtu ayakombe. Na upepo uwe usoni unapoingia, hata ikibidi kuzunguka, maana upepo wa mbele unapunguza mwendo bure.

Pangaboi limeundwa kwa safari ya mbele. Likigeuzwa, nguvu yake hupungua sana, hata kibanio kikiwa kizima. Ndiyo maana mwendo hupunguzwa mbali na mwalo, watu wakiwa bado wanaonekana wadogo.

Siku hizi bwana yule akifika kwenye mafunjo anafungua kibanio, anasonga polepole sana, na akitoka anakifunga tena kwa mkono wake mwenyewe. Asipokuwa na hakika kama amekifunga, hagusi gia ya nyuma. Anazima injini mbali, anachukua kasia, na abiria wanaolalamika kwamba anawachelewesha huwajibu kwa kuwaonyesha nyumba ya yule mvuvi.