Helle, Europa na Majina ya Mahali
Katika visasili vya Wagiriki wa kale, yaani masimulizi yaliyoeleza asili ya miungu na ulimwengu, mwanamke asiye mungu mara nyingi huacha jina lake pale alipopatwa na msiba. Helle, binti wa mfalme Athamas, alipokuwa akikimbia hila za mama wa kambo pamoja na kaka yake Phrixos, wote wawili wakiwa juu ya kondoo dume mwenye manyoya ya dhahabu, aliteleza akazama katika mlangobahari ulioitwa tangu hapo Hellespontos, yaani bahari ya Helle, ambao leo ni Dardanelles nchini Uturuki. Habari ya Europa ni nzito zaidi, kwa kuwa Herodotus, mwanahistoria wa karne ya 5 KK, alistaajabu kwamba bara la Ulaya limepewa jina la binti wa Tiro, mji wa Foinike, ambaye hakuwahi kulikanyaga, bali alipelekwa Krete na kisha Likia. Zeus, mfalme wa miungu, alimteka bila kumtaka ridhaa. Kwa hiyo kuliita bara kwa jina lake hakuwezi kuhesabiwa kuwa fidia.