Mlima Hauna Hatia, Sisi Je?

Jamaa yangu alirudi kutoka Afrika Kusini na chupa ya mvinyo wa Stellenbosch. Kwenye lebo kuna mlima: Simonsberg, mita 1,399, chini yake mashamba ya mizabibu. Akaniambia, "Ukikaa kule ukautazama jioni, unasahau kila kitu." Tangu siku hiyo najiuliza: kusahau huko ni halali?

Maana jina lenyewe halisahau. Simon van der Stel, mtawala wa Kampuni ya Kiholanzi, ndiye aliyeanzisha Stellenbosch mwaka 1679, na mlima ukabeba jina lake. Mizabibu ililimwa na watumwa, baadhi yao kutoka Madagaska na Msumbiji, yaani majirani zetu kabisa. Utumwa ulifutwa 1834, lakini wakashikiliwa miaka minne zaidi, eti ni wanagenzi. Hata baadaye, vizazi vya vibarua walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo. Mfumo huo uliitwa dop. Mtu anavuna zabibu, analipwa ulevi.

Kuna atakayesema: mbona karafuu za Unguja na Pemba nazo zilichumwa na watumwa, na pilau tunakula? Kweli, hoja hiyo inanibana. Tukisusa kila kilichoguswa na dhuluma tutakufa njaa, na aliyedhulumiwa hatapata hata senti. Lakini hoja hiyo haituruhusu kusahau. Inatuambia tu kwamba sote tumo.

Nadhani kosa si kufurahia. Mlima hauna hatia, wala ulimi unaoonja. Kosa ni kutaka uzuri utufutie hesabu. Hatia hairithiwi, lakini faida hurithiwa, na hasara pia. Kwa hiyo swali linawahusu walio hai: anayevuna leo analala wapi, analipwa nini, mwanawe anasoma?

Upande wa pili wa mlima huohuo kuna kijiji cha Pniel, kilichoanzishwa 1843 kama misheni ya watumwa walioachwa huru. Simonsberg uko juu yao pia, kila jioni. Sidhani kama kule mtu anahitaji kuchagua kati ya kuutazama na kukumbuka.

Chupa tuliifungua. Ulikuwa mvinyo mzuri, siwezi kusema uongo. Jamaa akaniuliza mbona niko kimya, nikamsimulia habari za Pniel. Glasi ya pili tuliinywa polepole.