Tunadaiwa Nini na Kichuguu?

Nyumbani kwetu Kisoko, wilayani Tororo, kulikuwa na vichuguu viwili: kimoja nyuma ya jiko, kingine mpakani mwa shamba la mihogo. Nilipopata nafasi ya kuingia chuo kikuu, baba alikivunja kile cha nyuma ya jiko. Udongo wa kichuguu hushikamana vizuri, na matofali yake hayakosi mnunuzi. Vijana walichimba hadi wakamfikia malkia, wakamtoa, na tanuri moja la matofali likalipa sehemu ya karo yangu. Baba alipotaka kukigeukia cha pili, bibi alimkatalia. "Mwanangu, hicho hukukipanda wewe," alisema, "na ukikivunja hutaweza kukipanda."

Kauli hiyo ndiyo chanzo cha swali la insha hii: je, binadamu ana haki ya kuharibu kitu asichoweza kukitengeneza, ikiwa kukiharibu kunamletea faida ya kweli?

Kwanza tujue kilichomo ndani. Tumezoea kusema kichuguu ni nyumba ya mchwa, lakini humo wanaishi viumbe wa aina mbili. Mchwa hawa hawawezi peke yao kumeng'enya vizuri miti na majani makavu. Huyatafuna, huyapitisha tumboni, kisha kwa kinyesi chao hujenga masega ambamo hukuza kuvu. Kuvu hiyo huulainisha ugumu wa mti, na mchwa hula kuvu pamoja na masega yaliyoiva. Kuvu nayo hupata makao yenye joto na unyevu wa kiasi, na hulindwa dhidi ya kuvu nyingine. Wanabiolojia wanakadiria kwamba ushirika huu ulianza hapa Afrika yapata miaka milioni 30 iliyopita, na hakuna jamii ya mchwa hao inayojulikana kuwa iliuacha. Kilimo cha binadamu kina miaka kama 10,000 tu. Mvua zinaponyesha, kuvu huchomoza juu ya ardhi, nasi tunachuma uyoga. Uyoga wa aina nyingine hulimwa mabandani. Huu wa kichuguu wakulima hawajaweza kuulima bila mchwa wake.

Mwanafalsafa Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitofautisha vitu vyenye bei na vile vyenye hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani sawa. Chenye hadhi hakina mbadala. Kwa Kant, hadhi ni ya viumbe wenye akili na uhuru wa kuamua, kwa hiyo kichuguu kingebaki upande wa bei pamoja na matofali. Lakini kipimo chake mwenyewe kinanipa shaka. Tofali likivunjika, baba atafyatua jingine. Kichuguu kikivunjwa, hakuna fundi wa kumwita. Hakina hadhi ya mtu, ila hakiingii sawasawa katika hesabu ya bei pia.

Pingamizi la kwanza ni kwamba mchwa ni waharibifu: hula nguzo za nyumba na mahindi shambani. Hilo ni kweli, na mtu ana haki ya kulinda nyumba yake. Lakini kujilinda ni jambo moja, na kuvunja kwa ajili ya kuuza ni jambo jingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kichuguu kimoja kikivunjwa, kumbikumbi wa kichuguu kingine wataruka, watapata wenza na kuanzisha makao mapya. Kama asili yenyewe inaleta mbadala, kosa liko wapi? Nililikubali pingamizi hili mpaka nilipojifunza jinsi makao mapya yanavyopata kuvu. Katika aina nyingi za mchwa hao, kumbikumbi hawaondoki na kuvu ya nyumbani. Vibarua wa kwanza wa makao mapya hulazimika kuokota mbegu zake huko nje, na mbegu hizo hutoka kwenye uyoga wa vichuguu vilivyo hai. Basi mbadala upo, lakini hautoki kwetu. Unatoka kwa majirani waliosalia. Kila kijiji kikivunja chake kwa hoja kwamba vingine vipo, hoja hiyo inajila yenyewe.

Hapo ndipo ninaposimama. Sisemi baba alikosea. Kumnyima mtoto elimu ili kuokoa kichuguu kungekuwa ugumu wa moyo, nami ningekuwa mnafiki kuyalaani matofali yaliyonifikisha darasani. Ninachosema ni kwamba haki ya kutumia tusichoweza kukitengeneza ina mpaka, na mpaka huo ni uwezo wa waliobaki kukirudisha. Anayevunja kimoja amejifunga kukiacha kingine. Naongeza kwamba deni hili halilipwi kwa fedha, kwa sababu mdai hana matumizi ya fedha. Linalipwa kwa kujizuia.

Kichuguu cha mpakani bado kipo. Mdogo wangu anamaliza shule mwakani, na karo yake haijapatikana. Bibi amezeeka, na atakayeulizwa safari hii ni mimi.