Ukarimu wa Baba Unalipwa na Nani?

Wengi wetu hapa Sydney tunalalamika kwamba watoto wetu hawajui kutoa. Nami nililalamika hivyo kwa muda mrefu, hadi jioni moja, miaka michache iliyopita, nilipomwambia mwanangu wa miaka 13 kwamba hatakwenda kambi ya shule kwa kuwa nimetuma fedha za msiba nyumbani. Hakulia. Aliniuliza tu: "Baba, ni wewe uliyetoa, au ni mimi?"

Nilimkemea, kama ambavyo baba yangu angefanya. Lakini usiku usingizi ulinipaa. Mimi ni mhandisi, na kazi yangu ni kuuliza mzigo umekaa juu ya nguzo ipi. Hapa sifa zote zilinijia mimi, na mzigo ulikuwa juu ya mtoto ambaye sikumwonyesha hata mchoro.

Nilikulia Upareni, wilaya ya Same, kwenye msaragambo. Mbiu ikilia alfajiri, kila kaya ilitoa watu wa kuzibua mifereji na kufukua tope la ndiva, yale mabwawa ya kukusanyia maji ya kumwagilia. Sitaki kuupamba. Asiyekwenda alitozwa faini, na hakuna aliyemwuliza mtoto kama anapenda. Kwa hiyo wanaodai kwamba wazee wetu walitulea katika kutoa kwa hiari wanasahau mengi. Hata hivyo mtoto alimwona baba yake ameinama matopeni, kisha akayaona maji yakiingia shambani kwa jirani. Gharama na faida vyote vilikuwa mbele ya macho yake. Mimi hutuma fedha kwa simu usiku wa manane, watoto wamelala, na wao wanachokiona ni kile kinachokosekana asubuhi.

Nchi hii nayo ina msaragambo wake. Ian Kiernan, mjenzi na baharia, alichukizwa na takataka alizoziona baharini alipozunguka dunia kwa mashua mwaka 1986 na 1987. Tarehe 8 Januari 1989 aliwaita watu kuisafisha bandari ya Sydney, wakajitokeza wapatao 40,000. Mwaka uliofuata kazi hiyo ikawa ya Australia nzima, na hadi leo hufanyika kila Machi. Tumekwenda na watoto kuokota chupa kando ya Duck River, karibu na Auburn. Ni jambo jema, ila linamgharimu mtoto usingizi wa Jumapili moja tu. (Vyeti vya kujitolea vya shuleni sivisemi, kijana wangu alijua idadi ya saa alizobakiza kuliko jina la mzee aliyekuwa akimsaidia.)

Basi tukabadili utaratibu nyumbani. Kila mwezi tunaweka dola 60 mezani, na watoto wanajua zingenunua nini. Maombi yanasomwa kwa sauti: ni nani, ni ndugu yetu kwa upande gani, amepatwa na nini. Kila mmoja ana kura moja, na mimi pia ni moja. Maswali yao si mepesi. Bado sijaweza kumweleza binti yangu kwa nini harusi ya watu wawili inahitaji kamati ya watu 20.

Mwaka jana ombi la harusi ya binamu yangu lilishindwa. Fedha zikaenda kwa jirani yetu mzee, ambaye mkewe alikuwa amelazwa na ambaye alikuwa akitumia teksi kwenda kumwona. Niliona haya mbele ya ukoo, nikatuma mchango wa harusi kimya kimya. Siku chache baadaye binamu akapiga simu kushukuru, na aliyeipokea ni mwanangu.

"Baba, hizo zimetoka wapi?"

"Kwenye kahawa zangu za asubuhi," nikamjibu.

Alinitazama, kisha akaandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni. Kwa wiki tatu, kila tulipopita mbele ya duka la kahawa pale stesheni, alipunguza mwendo.