Jibini Hii Imegandishwa na Nini?

Ubao wa jibini uliopangwa kwa ustadi huwavuta wageni kabla sufuria la biriani halijafunuliwa. Brie laini hukaa upande mmoja, Parmigiano Reggiano iliyomegwa mapande upande wa pili, na nafasi zilizobaki hujazwa tende, zabibu, korosho na kibakuli cha asali. Anayeijua kazi huitoa jibini kwenye friji kama saa moja kabla ya shughuli, kwa kuwa ubaridi huzima harufu na ladha. Kisha mgeni mmoja, sahani mkononi, anauliza: hii imegandishwa na nini?

Ni swali zito. Tangu kale, watengenezaji wengi wa jibini hugandisha maziwa kwa reneti, inayotolewa kwenye tumbo la nne la ndama anayenyonya. Ndama huyo lazima afe. Kiasi kinachotiwa ni kidogo mno, kwani sehemu moja ya reneti hugandisha maelfu ya sehemu za maziwa. Je, uchache wa kitu unafuta asili yake?

Wanazuoni wa Kiislamu hawakuafikiana. Imamu Abu Hanifa aliiona reneti ya mnyama asiyechinjwa kisharia kuwa twahara. Ibn Taymiyya naye aliihalalisha jibini ya Wamajusi, ambao machinjo yao Waislamu hawayakubali, akitoa hoja kwamba Masahaba walipoifungua Iraki waliila. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, yanashikilia kwamba mnyama awe amechinjwa kisharia na awe hajala kitu zaidi ya maziwa.

Wayahudi nao walilijadili jambo hilo zamani. Mishna inasimulia marabi wawili waliokuwa safarini: Ishmaeli akamuuliza Yoshua kwa nini jibini ya watu wa mataifa imekatazwa. Kila jibu la Yoshua likapingwa, hata akaamua kubadilisha mazungumzo.

Kwa Mjaini, ambaye dini yake inakataza kuua kiumbe, namna ya kuchinja haibadilishi kitu. Tatizo ni kifo chenyewe.

Mtu anaweza kusema udadisi huu unaharibu furaha, na kwamba anayealikwa ale anachopewa. Hoja hiyo ina uzito, kwa sababu kumhoji mwenyeji juu ya chakula chake kunaweza kumvunjia heshima. Lakini ndiyo maana mzigo unamwangukia mwenye shughuli. Rai ya Abu Hanifa humpa nafasi mlaji anayeifuata. Haimpi mwandaaji ruhusa ya kumchagulia mwingine dhamiri. Anayefuata Shafi akilishwa bila kujua, hata kama mwenyeji hakukusudia ubaya, amenyang'anywa uamuzi uliokuwa wake.

Kutimiza wajibu huo si kazi ngumu. Masharti ya jina la Parmigiano Reggiano yanataka reneti ya ndama pekee, kwa hiyo jibu lake linajulikana hata kabla ya kununua. Serra da Estrela ya Ureno hugandishwa kwa maua ya mmea wa miiba, jamaa ya atichoki. Paneer ya Kihindi hugandishwa kwa ndimu au siki. Mwaka 1990 Marekani iliidhinisha kimosini, kimeng'enya kikuu cha reneti, itengenezwe na vijidudu vilivyopandikizwa jeni ya ndama, na leo jibini nyingi za huko hugandishwa hivyo. Pale kibandiko kinapotaja "reneti" tu, bila kusema ya nini, muuzaji aulizwe mapema, siku kadhaa kabla ya shughuli.

Basi ubao upangwe upya. Parmigiano ipewe sinia lake na kisu chake, ili chembe zake zisiguse nyingine. Mbele ya kila jibini kiwekwe kikaratasi chenye neno moja hadi matatu: reneti ya ndama, maua, ndimu. Mgeni aliyeshika sahani atasoma, atakata kipande cha Serra da Estrela, ataongeza tende mbili, na atarudi kukaa na wenzake bila kulazimika kumuuliza mtu.