Alikuwa Ameokoka

Jumapili moja, watu wakitawanyika baada ya ibada, nilimsikia mama mmoja akimtaja aliyekuwa mwalimu wetu wa kwaya, ambaye siku hizi hupatikana kilabuni. "Yule alikuwa ameokoka," alisema. Mwenzake akamkatiza: "Wapi! Hakuwahi kuokoka yule, mama."

Ugomvi huo ni wa zamani. Mwaka 1610 wafuasi wa Jacobus Arminius kule Uholanzi waliandika hoja tano. Walipofika kwenye ile ya tano, iwapo mwamini aweza kuanguka kabisa, walisema Maandiko yachunguzwe zaidi kwanza. Sinodi ya Dordrecht, 1618 hadi 1619, haikusita: Mungu huwalinda wateule wake hadi mwisho. Biblia ilikuwa ile ile, yenye kondoo wasiopokonyeka mkononi katika Yohana 10, na wenye kuonja kisha wakaanguka katika Waebrania 6.

Wokovu ni kitu gani hata upotee? Kiswahili chetu kinajua kutega. "Kuokolewa" kunadai mwokoaji. "Kuokoka" kunamwacha mtu peke yake, ametoka hatarini, basi. Sisi tumezoea hilo la pili, na huenda ndiyo maana wokovu tunauona kama hali ya mtu, ya kukaguliwa, kumbe ni uhusiano wa wawili. Je, uhusiano haufi? Baba wa mwana mpotevu, katika Luka 15, anasema yote mawili kwa pumzi moja: huyu ni mwanangu, na alikuwa maiti.

Jawabu la "hakuwahi" lina andiko lake, 1 Yohana 2:19, kwamba walitoka kwetu lakini hawakuwa wa kwetu, nami silidharau. Ila linanikera likitamkwa kirahisi, maana linaokoa fundisho kwa kumfuta mtu. Daftari la solfa la mwalimu yule, alilolijaza kwa penseli, bado tunaliimbia. Nani alikuwa akiandika mle?

Nikirudia Waebrania 6 naona jambo nililolipita miaka mingi. Baada ya onyo lile kali, mwandishi anawageukia wasomaji na kuwaambia kwamba kwao anatarajia mema. Onyo lilikuwa la waliobaki wameketi, wakisikiliza. Sisi tumelitoa nje, tukalifanya hukumu ya asiyekuwepo.

Nilisimama pale mlangoni, nikiwasikiliza wale mama, simu mkononi. Namba yake ninayo.