Ridhaa ya Mnunuzi na Bei Iliyositirika

Katika nchi ya chai, toka Kericho kuelekea Litein hata Sotik na Bomet, hakuna asiyejua adabu ya mizani. Mkulima afikapo kituo cha kununulia majani, gunia lake hutundikwa mbele ya karani, naye husimama akizitazama tarakimu mpaka zitulie, wala haondoki kabla ya kupokea risiti iliyoandikwa kilo zake. Kwa kuwa malipo ya mwezi, na bonasi ya mwaka inayongojewa kwa hamu, vyote vimejengwa juu ya tarakimu zile. Bei haipangi yeye: hupangwa mbali, katika mnada wa Mombasa, kwa dola, na mara nyingi humhuzunisha. Lakini kipimo hukiona kwa macho yake.

Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu watoto wa wakulima hao hao leo ni wanunuzi katika soko lisilo na mizani ya kutazamwa, nalo ni soko la gemu. Na swali ninalotaka kulichunguza ni la kale katika elimu ya dini na ya falsafa: mtu aliyekubali kununua huku akili yake imeshughulishwa ili asione anachokitoa, je, amekubali kweli?

Wazee na wahubiri wetu aghalabu huelekeza lawama kwenye vibanda vya pleistesheni vya madukani. Sivitetei katika yote, maana saa za masomo zipoteazo humo hazirudishwi na mtu. Lakini tukiutazama uuzaji peke yake, biashara ya kibandani ni safi kuliko tunavyoidhania: kijana hutoa shilingi zake kwa mechi moja, akashika pedi, akafunga au akafungwa, na mechi ikiisha yeye na mwenye kibanda hawadaiani kitu. Hata gemu mpya, ambayo kampuni kubwa zilianza kuiuza kwa dola 70 mwaka 2020, yaani kama shilingi 9,000 kwa hesabu ya leo, ni ghali mno, kwani kwa mkulima anayelipwa shilingi 25 za mwezi kwa kilo ya majani mabichi ni sawa na kilo 360. Lakini bei hiyo imetamkwa hadharani, na asiyeiweza huiacha. Ughali peke yake si dhuluma.

Dhuluma naiona zaidi pale gemu inapotolewa bure. Kijana huipakua katika simu bila kutoa hata senti, kisha humo ndani fedha halisi hugeuzwa kuwa sarafu za gemu, zinazouzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei za vitu, hata zikabaki sarafu chache zisizotosha kununua chochote, nazo humsumbua mwenyewe aziongezee. Na juu ya kioo saa huhesabu kurudi nyuma, ikimhimiza kwamba punguzo linakwisha. Ukimwuliza jioni ametumia shilingi ngapi, atakutajia sarafu. Katika gemu za mpira za kampuni ya EA huuzwa pia paketi, na anunuaye hununua bahati ya kumpata mwanasoka fulani, si mwanasoka mwenyewe. Wanazuoni wa fikihi walikwisha kuikataza tangu zamani biashara ya namna hii, wakatoa mfano wa samaki angali majini na ndege angali angani. Na huko Ubelgiji, Aprili 2018, tume ya michezo ya kubahatisha iliamua kwamba paketi hizo ni kamari, na Januari iliyofuata EA ikaacha kuuza nchini humo pointi za kuzinunulia.

Yuko atakayesema kwamba hakuna aliyemshika mnunuzi mkono. Hoja hii si nyepesi, kwani Aristotle naye alishikilia kwamba mtu anayeshindwa na matamanio yake, hali anajua lililo jema, bado ametenda kwa hiari. Kwa mtu mzima nakubali. Lakini mafakihi waliweka akili na baleghe kuwa masharti ya mkataba, na Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alimlaumu muuzaji anayeficha kasoro yenye madhara kwa mnunuzi. Nasi hapa tunashughulika na muuzaji aliyeficha, si kasoro ya bidhaa, bali bei yenyewe. Tamaa ni yangu na nitaulizwa juu yake. Ila aliyeisoma nafsi yangu, akapajua penye udhaifu, akaweka kitufe papo hapo, hawezi kudai kwamba mimi ndiye niliyetenda peke yangu.

Dini zetu mbili zinaafikiana kwamba toba ya aliyechukua isivyo haki haitimii pasipo kurudisha mali. Mnamo Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye gemu ya Fortnite, ilikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wanunuzi wa Marekani, baada ya serikali yao kuishtaki kwamba vitufe vyake vilipangwa hata mguso mmoja wa bahati mbaya ukaleta deni, na kwamba watoto waliweza kununua bila idhini ya wazazi. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Ibara ya 46, nayo inampa kila mtumiaji wa bidhaa haki ya kupewa habari zinazomwezesha kufaidika nayo kikamilifu, na sioni habari iliyo ya kwanza kuliko bei kwa shilingi, iandikwayo kabla kidole hakijabonyeza. Mtoto wa Litein aliyetumia simu ya mamaye anastahili haki hiyo, na fedha za mamaye zirudishwe pia.